Pazia Lililolazwa kwenye Makaa

Asubuhi ile Yasue aliingiza mkono chini ya mfarishi unaofunika meza ya makaa, ile meza fupi wanayootea moto miguu, akitafuta soksi za mumewe, akakutana na kitu kigumu kilichoviringishwa kwenye mkanda wa kiunoni wa mama mkwe wake. Alikitoa, akaukunjua mkanda, akaona ni nini. Akakaa papo hapo juu ya mkeka, soksi asizikumbuke tena.

Ilikuwa kamera. Wala si kamera ya nyumba ile, maana watu wa nyumba ile hawakuwa na ubavu wa kumiliki kamera. Ilikuwa mali ya kampuni moja ya Tokyo, imeletwa kwa treni ndani ya kasha lililojaa maranda ya mbao, ili mumewe, Isokichi, aifungie pazia alilolibuni mwenyewe. Na mtu wa kuja kuikagua, Bwana Kuramochi, alikuwa anafika leo hii kwa treni ya mchana.

Yasue alikaza springi kama alivyozoea kumwona mumewe akifanya, akabonyeza kitufe. Kamera nzima husema chak, sauti kavu, fupi. Hii iliguna kidogo tu, ikanyamaza. Aliifungua mgongoni. Mle ndani, mbele ya mahali filamu inapokaa, ndimo lilimokuwa pazia lenyewe: kitambaa chembamba cha hariri kilichopakwa raba nyeusi, kinachofunguka na kufunga upesi kuliko kope ili mwanga uingie kidogo tu. Sasa lilikuwa limejinatia kwenye kirola chake, limekunjamana, na alipoligusa lilitoa uzi mweusi kama lami.

"Umeiona?" Bi Tome, mama mkwe wake, alikuwa amesimama mlangoni akiipasha mikono yake moto kwa pumzi. "Nimekuokoleeni kitu chenu. Bila mimi hapa mngekuwa wapi?"

"Mama, ni wewe uliyeiweka hapa?"

"Nani mwingine hapa ndani anafikiria? Jana nimetoka kwenda chooni, naikuta dirishani kwa nje imeota barafu. Nikasema, huyu mwanangu ana wazimu? Kitu cha watu anakisahau nje, na ziwa zima limeganda! Nikaifunga kwenye mkanda wangu, nikailaza karibu na makaa, iote moto vizuri. Viwavi vya hariri nimevilea humu tangu naolewa, bibiye. Ukiviacha kwenye baridi ile, asubuhi unazoa mizoga."

Yasue aliuona uso wa yule bibi, umejaa furaha ya mtu aliyefanya jema na anangoja kusifiwa.

"Aliiacha nje makusudi, Mama," alisema mwishowe, polepole. "Mapazia ya wengine yakipigwa na baridi yanakakamaa, picha inatoka nusu nyeusi. Lake halikakamai. Ndiyo alikuwa analijaribu. Lakini joto, nadhani..."

"Joto limefanya nini?"

Yasue akamwonyesha. Bi Tome alinyoosha kidole, akagusa, kidole kikarudi cheusi. Alikifuta kidole kile kwenye kimono chake safi, jambo ambalo kama angelifanya mkwewe, angesimangwa wiki nzima.

Nje ikasikika sauti ya Isokichi ikizunguka nyumba. "Kamera yangu iko wapi? Nani ameigusa kamera dirishani?"

Bi Tome aliduwaa. Kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, Yasue alimwona mama mkwe wake anaogopa, na mtu aliyekuwa anamwogopa ni mwanawe mwenyewe. Hakupata muda wa kufikiri zaidi. Isokichi alipoinua pazia la mlango na theluji begani, Yasue alikwisha sema.

"Ni mimi. Niliiona nje, nikadhani umeisahau."

Bi Tome alifungua mdomo. Akaufunga. Kisha akageuka, akaenda kwenye chumba cha madhabahu ya kumkumbukia marehemu mumewe, akajifungia humo na kengele ndogo na ubani.

*

Isokichi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza Yasue zaidi. Alikaa na kibanio chake cha mwanzi, akajaribu kulibandua pazia, likachanika. Akajaribu upande wa pili, ukachanika pia. Alilitoa lote na kuliweka juu ya karatasi.

"Una akili gani wewe?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli. "Umeniona usiku mara ngapi nikiitoa nje?"

"Nisamehe."

"Kulipaka upya na kulikausha ni siku nzima. Mtu anafika mchana." Akatupa macho pembeni mwa mlango, palipokuwa na furushi lililofungwa kamba. "Basi nitakwenda tu. Tuliyasema, na yamefika."

Furushi lile lilikuwa pale tangu Mwaka Mpya, na Yasue alikuwa akilizunguka kila alipofagia. Ndani yake mlikuwa na vifungio vya miguu vya kitambaa vya kukinga baridi, koti la kazi na chupa ya dawa ya tumbo. Kesho kutwa asubuhi lori la wajenzi wa bwawa lingepita barabarani kuwabeba wanaume kwenda chini kwenye mabonde ya mto Tenryu. Jirani yao wa ng'ambo ya mfereji alikwenda huko wakati wa vuli. Alirudishwa majivu ndani ya kisanduku cheupe kilichoning'inia shingoni mwa msimamizi, na mkewe akaambiwa asaini. Makubaliano ya nyumbani yalikuwa wazi: mtu wa Tokyo akilikubali pazia, Isokichi anabaki na kazi yake, akilikataa, anapanda lori.

Makubaliano hayo yalikuwa ya Genzo, kaka mkubwa, mwenye nyumba. Genzo alifanya kazi kwenye kiwanda cha miso, ile rojo ya soya ya kupikia supu, na alikuwa anakitaka chumba cha viwavi, ambamo mdogo wake alikuwa anahangaika na springi, akaweke mapipa yake mwenyewe. Aliingia bila kubisha, akaona yaliyo juu ya karatasi, akacheka puani.

"Nilisema mimi. Heri zege, mdogo wangu. Zege ukilimwaga limekaa, wala halina haja ya dirisha wala makaa."

"Kaka, si leo."

"Leo ndiyo leo! Jana nimemaliza kuwaambia watu wote kwenye bafu la mtaa kwamba bwana mkubwa wa Tokyo anakuja kwangu. Shemeji amepika samaki. Halafu nimwonyeshe nini, hiki kitambaa kilichooza?" Alichuchumaa, akapunguza sauti. "Lile pazia lako la zamani liko wapi? Lile la kabla ya hili."

"Lipo. Lakini lile linakakamaa."

"Linakakamaa kwenye baridi. Nani kakwambia mgeni wangu atakaa kwenye baridi? Nitamkalisha kwenye makaa mpaka aombe maji. Lifunge hilo, abonyeze mara mbili tatu, lilie, anywe sake, aende zake. Ukishapata kazi utatengeneza mapya upendavyo."

Isokichi alimtazama mkewe. Yasue aliinamisha kichwa akapanga vijiti vya kulia ambavyo vilikuwa vimepangika tayari. Hakusema ndiyo, na tuseme kweli, hakusema hapana pia. Alikuwa anakiona kile kisanduku cheupe.

Isokichi akachukua bisibisi.

*

Bwana Kuramochi alikuwa mwembamba, mwenye kikohozi na miwani iliyofunikwa na ukungu mara tu alipoingia ndani, hata akainama kuusalimu mtungi wa maji badala ya Genzo. Alileta zawadi ya mwani mkavu wa kula, akaomba radhi kwa uduni wake. Genzo naye akaomba radhi kwa ubovu wa nyumba. Walipokwisha kushindana kujishusha, mgeni akawekwa mahali pa heshima, mgongo kwenye nguzo, miguu ndani kabisa kwenye joto. Genzo akaketi kulia kwake, Isokichi kushoto. Yasue akachukua mahali pake pa siku zote, upande wa mlango wa jikoni, ambako mfarishi ulikuwa mwembamba na upepo unapita chini. Hapo ndipo mke wa nyumba anapokaa, maana ndiye wa kuinuka.

Akawa anainuka kweli. Supu ya miso, mboga za chumvi, tambi za ngano nyeusi, kisha samaki wa ziwani aliyepikwa kwa sukari na soya. Kila alipopita Genzo alimkonyeza, naye akaongeza makaa. Mgeni akavua koti, kisha fulana ya sufi, akabaki anajipangusa shingo.

"Nyumba zenu za huku milimani zote zina joto hivi?"

"Sisi wageni tunawapenda, bwana mkubwa," alisema Genzo.

"Naona. Nikipendwa zaidi kidogo nitazimia."

Kisha akaomba kamera. Alifungua mgongo, akaielekeza dirishani kwenye weupe wa theluji, akabonyeza. Chak. Akabonyeza tena, jicho lake likifuata mwanga ukipita kutoka upande huu hadi upande ule. Chak.

"Linakimbia sawasawa. Safi sana, Bwana Isokichi."

Genzo alianza kumimina sake, pombe ya mchele, ya kuagana. Lakini mgeni hakuishika bilauri. Aliinua pindo la mfarishi, akaisukuma kamera chini, ndani kabisa, mpaka ikagusa kingo za makaa. Akateremsha mfarishi, akaupapasa kama mtu aliyemfunika mtoto.

Genzo akaishusha chupa.

"Baridi tulikwisha lijaribu pazia lako hili jipya, lile la mfano ulilotutumia," alieleza, "tukalilaza kwenye ghala la barafu la wauza samaki. Likashinda. Lakini kamera zetu sasa zinapelekwa Manila, zinapelekwa Rangoon, nchi za joto kali. Leo nimekuja kwa ajili ya joto. Tuipe kama saa moja hivi. Samaki bado yupo?"

Yasue alimpakulia. Aliyaelewa mambo yote kwa mara moja, na akatamani asingeyaelewa. Lile pazia la zamani lilikuwa gumu, ugonjwa wake ulikuwa baridi, joto halikuwa na la kulifanya. Lingeshinda. Mgeni angeagiza, Isokichi angepaka lile jipya, mamia kwa mamia, nayo yangekwenda Manila kunata. Kisha yangerudi. Yangerudi yote mlangoni hapa, na siku hiyo lori la bwawa lingeonekana neema. Alimwona mumewe anatokwa jasho, na halikuwa la makaa tu. Genzo peke yake ndiye aliyekuwa anatabasamu, kwa kuwa yeye alikuwa anaona bahati imemdondokea mapajani.

Yasue hakusema. Alitaka mumewe abaki, hata kama ni kwa miezi michache ya uongo, hata kama ni mpaka masika tu.

Saa ilipita. Bwana Kuramochi aliitoa kamera, akairusharusha viganjani kwa vile ilivyokuwa ya moto, akakaza springi. Mlango wa chumba cha madhabahu ukafunguka. Alikuwa Bi Tome, macho mekundu, amekuja kumsalimu mgeni kama adabu inavyotaka. Alipiga magoti kizingitini, na wakati huohuo mgeni akabonyeza.

Chak.

"Imelia!" alisema Bi Tome.

"Naam, bibi, imelia."

"Imetoka kwenye makaa hiyo? Sasa hivi? Kwenye makaa yetu haya?" Bibi alisogea kwa magoti, mikono imenyooka. "Ebo! Basi si mimi! Genzo, umesikia? Si mimi niliyeiua! Usiku mzima nimeilaza hapohapo, asubuhi imekufa, nikasema nimemuua mwanangu kwa mikono yangu, na huyu mkwe masikini kanibebea lawama. Na makaa hayana neno! Ona, inalia!"

"Mama," alisema Genzo, "nenda jikoni."

"Siendi! Tangu asubuhi namlilia baba yako anisamehe, na kumbe sina kosa!"

Bwana Kuramochi aliiweka kamera chini taratibu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bibi, ile iliyokufa asubuhi, ilikufaje?"

"Ilinata. Nyeusi tititi, kama gundi. Kidole hiki hapa, bado kina..." Ndipo alipomwangalia Isokichi. Masikini, aligundua amesema jambo, ila hakujua ni lipi.

Isokichi alisogea nyuma kutoka mezani, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Pazia lililomo humo ni la zamani," alisema akiwa chini. "Jipya limenata. Nimekudanganya."

*

Mtu akikasirika akiwa na nguo pungufu hana raha. Bwana Kuramochi alikuwa anatafuta fulana yake, anavaa koti kabla ya fulana, anavua tena, na wote wakimtazama.

"Nimekula samaki wenu," alisema. "Nimechekeshwa. Nimechomwa miguu. Kumbe nafanywa mjinga!"

"Wazo lilikuwa langu," alisema Genzo kwa sauti ndogo ambayo Yasue hakujua kama anayo.

"Sijali lilikuwa la nani! Unajua kiangazi kilichopita nilisimama mbele ya wakurugenzi mgongo umeinama mpaka nikadhani hautanyooka tena? Shehena nzima ilinata melini kabla hata ya kufika. Na aliyekuwa ameikubali ni nani? Ni mimi. Nikirudi na nyingine ya hivyo, nitafukuzwa, nikapande lori la vibarua."

"Hapa lori linapita kesho kutwa," alisema Yasue.

Hakujua imekuwaje ameongea. Lakini alikwisha anza, na machozi yalikuwa yanamtoka, akaona heri amalize.

"Usipolikubali pazia, mume wangu anakwenda bwawani. Jirani yetu amerudi majivu. Ndiyo maana tumekudanganya, bwana. Mimi nilijua tangu ulipoiweka kwenye makaa. Nilijua kwamba hili litashinda na yale yatakayofuata yatanata, na nikanyamaza nikakupakulia samaki. Kama ni kukasirika, nikasirikie na mimi."

Bwana Kuramochi alisimama na mkono mmoja ndani ya fulana. Alitazama lile furushi pembeni mwa mlango, kana kwamba sasa ndiyo analiona. Akakohoa. Kisha akakaa.

"Lililonata liko wapi?" aliuliza. "Niletee nilione. La zamani sina kazi nalo, linajulikana. Nataka kuona lililokufa."

Isokichi alilileta juu ya karatasi yake. Wakainamisha vichwa, mgeni na mwenyeji, wakaanza kubandua kwa vibanio, huyu anashika, huyu anavuta. Yasue aliwasogezea taa. Kwa muda hapakuwa na neno ila "shika hapo" na "taratibu."

"Ajabu," alisema Isokichi.

"Nini?"

"Hapa ukingoni sikupaka upande wa chini. Nilikuwa nimeishiwa raba. Tazama, hapa limetoka safi." Alivuta tena, na kipande kile kikabanduka bila hata uzi. "Lilikonatana ni raba kwa raba, linapojizungushia kwenye kirola. Raba ilipokutana na hariri tupu, haikunata."

"Basi paka upande mmoja."

"Upande mmoja mwanga utapenya vitundu."

"Paka mara tatu, nyembamba nyembamba. Kila tabaka likauke lenyewe, uzito ubaki uleule."

"Nikipaka hivyo..." Yasue akaiona ile sura ya mumewe anayoijua, ya mtu ambaye ukimwita hasikii. "Nikipaka hivyo litabaki laini. Kwenye baridi litabaki laini vilevile."

"Sijui," alisema Bwana Kuramochi. "Wala wewe hujui. Treni yangu naiahirisha. Nipo nyumba ya wageni kwenye chemchemi ya maji moto, walau huko joto lake nalilipia. Kesho jioni niletee kamera. Nitailaza dirishani usiku kucha. Kesho kutwa asubuhi naileta hapa, tunairudisha kwenye makaa haya haya."

"Na atakayeiweka ni mimi," alisema Bi Tome kutoka kizingitini.

Wakageuka wote.

"Kwani nani mwingine ameweza kuiua?"

Bwana Kuramochi alicheka mpaka kikohozi kikamshika, Yasue akamkimbizia maji.

*

Siku iliyofuata hakuna aliyeinua sauti katika nyumba ile. Genzo alikwenda kazini mapema, akarudi na kikapu cha makaa mazuri ya kiwandani, akakiweka mlangoni bila maelezo. Isokichi alipaka na kukausha, akapaka na kukausha. Yasue alishika hariri ikiwa imetandazwa, vidole vikifa ganzi, naye kila mara mumewe akimwambia "usitikisike," akawa hatikisiki. Bi Tome alipita huku na huko, akauliza kama kuna anayetaka chai, akapewa jibu la hapana, akaleta chai.

"Ulisema ni wewe," alimwambia Yasue jikoni, bila kumtazama.

"Ndiyo, Mama."

"Mwongo mkubwa." Akachutama kupuliza moto. Lakini jioni hiyo, samaki aliyebaki, kipande kinono cha tumbo kilikuwa kwenye bakuli la Yasue.

Asubuhi ya siku ya lori Bwana Kuramochi alifika na theluji mpaka magotini, kamera imefungwa kwenye kitambaa chake cha kuogea, imeota chembe za barafu. Akabonyeza mbele yao wote kabla hata hajavua viatu. Chak. Akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akampa Bi Tome.

Bi Tome aliiviringisha kwenye mkanda wake wa kiunoni, uleule, akauinua mfarishi, akailaza palepale. Akachochea makaa. Akakaa juu ya pindo, mikono mapajani, akangoja kama anavyongoja chungu kichemke.

Lori lilifika kabla ya wakati. Lilipiga honi barabarani, mara moja, kisha mara mbili. Isokichi alisimama, akaenda kulichukua furushi lake.

"Bwana Kuramochi," alisema Yasue, "tafadhali. Tuitoe."

"Bado."

"Wataondoka."

"Bibi, nikiitoa sasa ikalia, nitakuwa nimejifunza nini? Bado."

Ilikuwa haki, na Yasue alimchukia kwa haki yake. Honi ikapigwa tena. Genzo, aliyekuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, alitamka neno ambalo halisemwi mbele ya mama, akamnyang'anya mdogo wake furushi, akalitupa begani mwake na kutoka mbio kwenye theluji. Wakamsikia anamwita dereva kwa jina, anamtolea tumbaku, anamuuliza habari za matairi, habari za mkewe, habari za mama wa mkewe. Genzo huyo, ambaye salamu tu zilikuwa zinamchosha.

"Sasa," alisema Bwana Kuramochi.

Bi Tome aliitoa. Mkanda ulikuwa wa moto, akaufungua kwa ncha za vidole. Isokichi alikaza springi. Alisita, akaipeleka kamera kwa mgeni. Mgeni akaikataa kwa kiganja. "Wewe."

Isokichi akabonyeza.

Chak.

Akabonyeza tena, na tena, akaigeuzia dirishani, mwanga ukapita kutoka upande huu hadi upande ule, sawa, bila kusita popote. Bwana Kuramochi aliichukua, akafungua mgongo, akapitisha kidole juu ya pazia. Akakitazama kidole. Kilikuwa safi. Akamwonyesha Bi Tome kidole kile, akainama mbele yake kidogo.

"Tengeneza, Bwana Isokichi," alisema. "Tengeneza kadiri mikono itakavyokuruhusu. Na kila kundi lipite kwanza kwa huyu mama."

Yasue hakusubiri mengine. Alitoka na miguu mitupu mpaka ukingoni mwa baraza, akapiga kelele, "Shemeji! Shemeji! Imelia!" Kule barabarani Genzo aligeuka. Alisimama kidogo na furushi begani, mtu mzima na mwili wake, kisha akampigia dereva ishara ya kwenda, nenda, nenda zako. Lori likaondoka na nafasi moja tupu. Alirudi akiburuta miguu kwenye theluji, akalidondosha furushi sakafuni.

"Na mapipa yangu nitayaweka wapi sasa?" alisema. "Kichwani?" Akajipangusa uso mara mbili kwa mkono wa koti, akasema upepo wa ziwani mkali.

Yasue alipiga magoti, akaanza kufungua kamba. Fundo lilikuwa limekazwa na mtu asiyetaka kulifungua tena, ikabidi atumie meno. Alivitoa vifungio vya miguu, akalitoa koti la kazi, akavikunja kimoja kimoja. Chupa ya dawa ya tumbo aliirudisha kabatini. Baridi ya sakafu ilikuwa inampanda magotini na hakuisikia.

"We, mkaza mwanangu."

Aliinua kichwa. Bi Tome alikuwa amesogea kutoka mahali pake, upande wa nguzo, palipo na mfarishi mnene, na alikuwa anapapigapapiga kwa kiganja.

"Acha hayo matambara. Miguu imekuwa ya samawati. Njoo ukae huku."

"Chai, Mama. Mgeni hajapata..."

"Chai ataileta Genzo. Ana miguu."

Genzo alimtazama mama yake, akamtazama mgeni, akaenda jikoni. Walimsikia anauliza peke yake birika linakaa wapi. Yasue aliingia chini ya mfarishi, akanyoosha miguu mpaka ikakutana na joto, na hapo ndipo alipoanza kulia kwa sauti, bila haya, na hakuna aliyemwambia anyamaze.